Kazi Zilizoratibiwa Zinapoharibika Ndani ya Kompyuta

Katika kila kompyuta inayotumia Windows mna programu iitwayo Task Scheduler, ambayo watumiaji wengi hawajapata kuifungua. Kazi yake ni kukumbuka. Mwenye kompyuta, au programu nyingine iliyowekwa humo, huiagiza itende jambo fulani kwa wakati maalumu: kunakili faili za biashara kwenye diski ya nje kila siku saa mbili usiku, kutafuta masasisho, kukagua virusi. Maagizo hayo ndiyo tunayoyaita hapa kazi zilizoratibiwa.

Zinapoharibika, hazipigi kelele. Kompyuta huwaka kama kawaida, barua huandikwa na stakabadhi huchapwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyepanga hesabu zake za mauzo zinakiliwe kila usiku anaweza kukaa miezi mingi akiamini kwamba nakala zipo, hadi siku diski ya kompyuta itakapokufa, aifungue ile ya nje na kukuta nakala ya mwisho ni ya mwaka uliopita. Kwa hiyo jambo hili, ingawa laonekana kuwa la mafundi, tumeliingiza katika kijitabu cha walaji.

Windows huiandika kila kazi mahali pawili. Kwanza ni katika faili iliyomo ndani ya folda C:\Windows\System32\Tasks. Pili ni katika sajili, yaani ghala kuu la mipangilio ya Windows, kwenye sehemu iitwayo TaskCache, ambamo hutunzwa jina la kazi, namba yake na alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili ile. Kumbukumbu hizi mbili zisipopatana, Windows huikataa kazi hiyo na kutoa ujumbe wa Kiingereza usemao kwamba taswira ya kazi imeharibika au imechezewa. Neno hilo la kuchezewa huwatia watu hofu ya kuingiliwa na wezi wa mtandaoni. Chanzo chaweza kuwa cha kawaida kabisa: umeme ulikatika faili ilipokuwa ikiandikwa, diski imeanza kuchakaa, au mtu aliihariri faili hiyo kwa mkono. Waliopandisha kompyuta zao kutoka Windows 7 hadi Windows 10, kisha wakairudia ile ya zamani, waliukuta ujumbe huu mara kwa mara, kwa kuwa toleo la zamani halikuweza kuzisoma kumbukumbu zilizoandikwa na toleo jipya. Hata hivyo, virusi navyo hupenda kujiwekea kazi humu ili viamke kila kompyuta inapowashwa. Ukiona kazi yenye jina usilolijua, inayoendesha faili iliyomo katika folda ya vitu vya muda, ikague kompyuta yote kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya jambo jingine lolote.

Si kila kazi isiyotendeka imeharibika, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Fungua Task Scheduler kwa kubonyeza pamoja kitufe cha Windows na herufi R, kisha andika taskschd.msc. Mbele ya kila kazi pana safu ya Last Run Result, inayoonyesha tokeo la mara ya mwisho. Alama 0x0 yaonyesha kwamba kazi ilitendeka bila hitilafu. Alama 0x41303 yaonyesha kwamba haijawahi kutendeka hata mara moja. Alama 0x8007052E maana yake jina la mtumiaji au nywila haikubaliki. Aghalabu mwenye kompyuta alibadili nywila na kazi ingali na ile ya zamani, na dawa yake ni kuiandika mpya, basi. Kwa wenye kompyuta za mkononi, tazama pia ukurasa wa Conditions. Kazi mpya huja na sharti kwamba itendeke tu kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Anayefanya kazi kwa betri kila jioni ataona nakala hazitoki, wala hakuna kilichovunjika. Na kama kompyuta huwa imezimwa saa iliyopangwa, ukurasa wa Settings una kisanduku cha kuamuru kazi itendeke mapema iwezekanavyo baada ya saa yake kupita.

Ikiwa ujumbe wa uharibifu ndio uliopo, lakini hautaji kazi yenyewe, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike schtasks /query /v. Katika orodha itakayotokea, mstari wenye neno ERROR kwa kawaida hutaja kazi iliyoshindikana kusomeka. Ikiwa kazi hiyo uliiweka mwenyewe, au iliwekwa na programu uliyoinunua, njia iliyo salama ni kuifuta na kuiweka upya. Usijaribu kuiponya kwa kuinakili faili yake kutoka kompyuta nyingine na kuibandika katika folda, sajili haitaitambua. Ukiwa na kompyuta nyingine ambamo kazi hiyo ni nzima, itoe kwa amri ya Export na kuiingiza kwa amri ya Import.

Wakati mwingine kazi mbovu hukataa kufutika. Hapo hapana budi kuiondoa faili yake katika folda tuliyoitaja, kisha kuingia katika sajili, kuitafuta kwa jina chini ya TaskCache\Tree, kuandika pembeni namba yake ya Id, na kuufuta ufunguo huo pamoja na ule wenye namba hiyo chini ya TaskCache\Tasks. Kabla ya kufuta chochote, toa nakala ya sehemu yote ya TaskCache. Asiyewahi kuigusa sajili ampe fundi hatua hii. Kosa dogo humo laweza kuizuia kompyuta isiwake. Na kazi zilizomo katika folda ya Microsoft\Windows ni za mfumo wenyewe: usizifute. Zikiharibika nyingi kwa pamoja, Windows hurekebishwa kwa kuisakinisha juu ya ile iliyopo, huku ukichagua kubaki na faili na programu zako.

Tunasisitiza hilo kwa sababu mafundi wengi hukimbilia kufuta diski yote na kupiga Windows upya. Kwa kazi moja iliyoharibika, hilo ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa. Pia kuna wanaopiga simu wakijitambulisha kuwa watu wa Microsoft, wakamwongoza mtu hadi kwenye orodha ya hitilafu ndani ya kompyuta yake na kudai kwamba imevamiwa. Microsoft haimpigii simu mtu ambaye hakuomba msaada, na orodha hizo huwa na hitilafu hata katika kompyuta nzima. Kata simu, wala usimruhusu aingie katika kompyuta yako kwa mbali.

Unapomwachia fundi kompyuta, toa kwanza nakala ya faili zako kwa mkono, na muandikiane kazi atakayoifanya na bei yake. Siku ya kuichukua, mwombe aiendeshe ile kazi mbele yako kwa amri ya Run. Kisha fungua diski ya nje mwenyewe, na usilipe salio kabla hujaona nakala yenye tarehe ya siku hiyo.