Picha za Vita Nyumbani Mwetu

Mama mmoja wa huku Kwaluguru aliniuliza hivi: “Mwalimu, yafaa watoto wangu watazame picha za vita, au niwakataze?” Swali lake si dogo. Jioni moja aliwakuta wanawe wawili wakicheza vita uani, kama walivyoona katika picha. Mkubwa alimwambia mdogo, “Wewe u adui, anguka ufe.” Mdogo akalia, si kwa kuumia, bali kwa sababu kila siku yeye ndiye adui. Maneno haya niliyafikiri sana, na leo nayatoa maoni yangu, kila mtu ayapime.

Kwanza tukumbuke ya kuwa sinema si mgeni katika nchi yetu hii. Huko Vugiri, katika milima iliyo juu ya Korogwe, palikuwa na kazi ya kutengeneza picha za sinema tangu mwaka 1935 hata 1937. Kazi hiyo ilisimamiwa na Baraza la Misioni la Kimataifa, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, na waliokuwa wakuu wake ni Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham. Walitengeneza picha 35: za afya, za kilimo, za kuweka akiba katika posta, na nyingine. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, zikapigwa pamoja na picha. Watu walikusanyika usiku mbele ya nguo nyeupe, wakajifunza habari za safura na homa ya watoto.

Basi vita vilipoanza mwaka 1939, sinema, iliyotumika kufundisha mambo ya afya, ikafanywa chombo cha vita. Serikali ya Uingereza iliunda idara ya picha kwa ajili ya makoloni, na mkuu wake alikuwa Bwana William Sellers. Picha yake ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1940, huitwa Mr English at Home. Haikuhusu mapigano; ilionyesha tu jinsi jamaa moja ya Kiingereza ikaavyo kutwa nzima. Walakini nayo ilikuwa picha ya vita, maana ilitaka watu wa makoloni wawaone Waingereza kuwa majirani wema wanaostahili kusaidiwa. Tena Bwana Sellers alidhani ya kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha ziendazo upesi. Hapo naona alikosea. Asiyezoea kusoma husoma polepole, wala si kwa upungufu wa akili, ni kwa kutozoea tu.

Ziko pia picha za mambo yaliyotukia kweli. Mfano mmoja ni London Can Take It! ya mwaka 1940. Yaonyesha mji wa London ukipigwa mabomu usiku, na watu wakienda kazini asubuhi juu ya vigae vya kioo. Msemaji wake ni mwandishi wa habari Mmarekani, Quentin Reynolds, kwa kuwa ilikusudiwa kuwavuta Wamarekani. Moto ule ulikuwa moto wa kweli, na ushujaa ule ulikuwa wa kweli. Lakini aliyeitengeneza alichagua la kuonyesha na la kuacha, na kilio kilichokuwa katika nyumba nyingi hakukikazia macho. Picha yaweza kuwa ya kweli, isiwe kweli yote.

Nazo katuni, wazazi wengi huzidhani kuwa hazina madhara kwa sababu zachekesha. Mimi nazihofu zaidi. Kampuni ya Disney ilitoa Der Fuehrer's Face mwaka 1943: bata Donald aota kwamba yumo kiwandani mwa silaha katika Ujerumani ya Hitler. Ndani yake Wajerumani na Wajapani wamechorwa kwa sura za kudharaulisha. Upande wa pili, jeshi la majini la Japani liliagiza katuni ya Momotaro, kijana wa hadithi ya watoto, iliyotolewa mwaka 1945. Humo Waingereza ndio waliochorwa kama mazimwi wenye pembe. Kila upande uliwafundisha wanawe kuicheka sura ya mwenziwe. Na anayechekwa hivyo, kumwua hakuonekani kuwa jambo zito.

Sisi tuna sababu yetu ya kuangalia sana. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Kiingereza yalipita Korogwe na Handeni yakiwafuata Wajerumani. Nyuma ya kila jeshi walikwenda wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliohesabiwa kufa wapita 40,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Katika picha mashuhuri ya vita ile, The African Queen ya mwaka 1951, wanakijiji wachukuliwa na askari mwanzoni, wala hatuelezwi tena yaliyowapata. Kadhalika divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944. Ni watoto wetu wangapi wanaojua jambo hilo?

Basi nilimjibu yule mama hivi. Usikataze yote, maana kilichokatazwa hutazamwa kwa siri katika simu ya jirani. Walio wadogo sana wasionyeshwe damu. Wakubwa kaa nao, kisha uwaulize mambo matatu: Ni nani aliyeitengeneza picha hii, na kwa faida ya nani? Ni nani aliyekuwapo vitani asiyeonyeshwa? Na huyu aitwaye adui, mama yake ni nani? Nanyi walimu, kabla ya kuwaonyesha wanafunzi vita vya mbali, waiteni wazee wasimulie waliyoyasikia kwa baba zao na babu zao.

Mama alikwenda zake. Baada ya siku chache alirudi kunipa habari. Watoto walipoanza tena mchezo wao, alimwuliza mkubwa, “Huyu adui yako mama yake ni nani?” Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Ni wewe.” Mchezo hawakuuacha, maana watoto ni watoto, lakini tangu siku hiyo wanapokezana zamu ya kuwa adui, na mdogo halii tena.