Karo Lisizibe: Tuzuie Uchafu Kabla ya Kumwaga Maji



Nyumba nyingi za Utemini, mjini Singida, zina karo. Hata vijijini makaro yanajengwa. Karo tunalolisema hapa ni lile la saruji, la kuoshea vyombo na kufulia nguo. Lina tundu. Maji machafu hupita kwenye tundu hilo, huingia katika bomba, kisha huenda kwenye shimo lililojazwa mawe.

Karo ni msaada mkubwa. Lakini likiziba ni adha tupu. Maji hujaa, hunuka, humwagika uani. Yakielekea kwa jirani, ugomvi umeanza. Hapo utasikia, "Fundi alituwekea bomba bovu." Kumbe mara nyingi bomba ni zima. Hebu tuangalie tunachokimwaga.

VITU VINAVYOZIBA BOMBA

Kwanza ni mafuta. Mafuta ya nyama yakiwa ya moto hutiririka kama maji. Yakifika ndani ya bomba hupoa na kuganda. Miezi ya Juni na Julai kwetu ni ya baridi, basi huganda upesi zaidi. Mafuta ya alizeti hayagandi namna hiyo. Lakini nayo hunata ndani ya bomba na kushika uchafu mwingine.

Pili ni makombo. Ukoko wa ugali na punje za wali hulowa, huvimba, hukaa palepale.

Tatu ni mchanga na majivu ya kusugulia masufuria. Vitu hivi ni vizito. Hutulia chini, hasa pale bomba linapopinda.

Nne ni nywele, nyuzi za nguo na manyoya ya kuku. Hujisokota, halafu hunasa kila kinachopita.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya kuosha sufuria, tukwangue makombo. Tuwape kuku.

2. Mafuta yaliyobaki tuyatie kwenye kopo. Sufuria yenye mafuta tuifute kwanza kwa karatasi au kwa gunzi la mahindi.

3. Tusisugue masufuria kwa mchanga ndani ya karo. Tusugue pembeni, tusuuze hukohuko, ndipo tulete karoni.

4. Tundu la karo tulifunike kwa kipande cha wavu. Kama hakuna wavu, tutoboe kifuniko cha kopo kwa msumari. Kila tukimaliza kuosha, tukung'ute takataka.

5. Mara moja kwa juma tumwage ndoo ya maji ya moto yenye sabuni. Yasiwe yanachemka, maana bomba la plastiki hulegea.

6. Pale maji yanapotoka kwenda shimoni, tuweke ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Tutie changarawe, na juu yake nyasi kavu. Nyasi zitanasa mafuta. Zikichafuka tuzibadili.

KAMA LIMEKWISHA KUZIBA

Tusikimbilie dawa kali za dukani. Dawa hizo huunguza ngozi na macho. Kuchanganya dawa mbili ni hatari zaidi, kwani huweza kutoa hewa yenye sumu. Tuchukue waya mrefu, tuukunje ncha kama ndoana, tuuingize na kuvuta uchafu nje. Tusiusukume ndani, maana utaziba mbele zaidi. Kisha tumwage maji ya moto. Maji yakikataa bado, tuangalie shimo. Huenda limejaa.

KWA NINI TUHANGAIKE?

Kwa sababu ya afya. Maji machafu yaliyotuama ni mazalio ya mbu. Mbu wapendao maji ya namna hiyo ndio wanaoeneza matende na mabusha katika miji ya pwani. Mwaka 1988, huko Makunduchi, Unguja, mashimo ya vyoo yalifunikwa kwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji, na watu wakapewa dawa ya matende. Mbu walipungua sana. Basi tunaona kwamba mbu wanaotuuma usiku huweza kutoka kwenye mashimo yetu wenyewe.

Tena kuna watoto. Wao huchezea maji ya uani, kisha hula bila kunawa. Kuhara huanzia hapo.

Halafu kuna maji yenyewe. Singida mvua ni chache na kiangazi ni kirefu. Maji ya kusuuzia, yakishapita kwenye nyasi na changarawe, yanaweza kumwagiwa mpapai au mgomba badala ya kupotea. Ila tusiyamwagie mboga zinazoliwa mbichi. Na shimo la maji machafu liwe mbali na kisima, angalau mita 30.

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana. Kisha walishika majembe, wakachimba vyoo. Hawakungoja kufanyiwa. Kazi ya karo ni ndogo kuliko ile. Yataka wavu, kopo na mazoea. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwenu mafuta yaliyobaki mnayatupa wapi?
2. Nani huosha vyombo? Je, amekwisha kuelezwa mambo haya?
3. Maji ya karo lenu yanaishia wapi? Nendeni mkaangalie leo.