Mjukuu wa Freretown na Neno Ungwana

Ukitoka kwetu Mtopanga kuelekea mjini, kabla ya kulifikia daraja la Nyali utapita mahali paitwapo Kengeleni. Kengele yenyewe ingali pale, ukumbusho wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Hapo Freretown ndipo alipozaliwa, mwaka 1940, Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki dunia tarehe 7 Februari 2025. Hakuwa wa dini yetu, nasi hatuna haja ya kumfanya asivyokuwa ili tumtaje kwa wema.

Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na wengi wetu tulimjua kwanza kwa mpira. Televisheni ilikuwa ya wachache. Mechi ya Harambee Stars ikichezwa Nairobi, Kisauni iliitazama kwa masikio. Mtangazaji wa televisheni akinyamaza, picha humsitiri. Wa redio akinyamaza, uwanja mzima umezimika. Ni lazima aseme mpira uko kwa nani, upande upi, unaelekea wapi, na aseme kabla mambo hayajageuka. Mbotela aliifanya kazi hiyo kwa Kiswahili cha kwao pwani, hata mama zetu ambao hawakutia mguu uwanjani wakawa wanajua nani ameikosa penalti.

Sauti ikishaaminiwa, hutafutwa hata na wabaya. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa jeshi la anga walimchukua nyumbani kwake Nairobi, wakamlazimisha kutangaza kuwa serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Studio walikuwa nayo tayari. Walichokosa ni mtu ambaye wananchi wangemsadiki. Siku hiyo hiyo, waasi walipokwisha kushindwa, ni yeye tena aliyetangaza kuwa serikali imerudi. (Sharia nayo haimtii hatiani aliyetenzwa nguvu.)

Lakini lililotufanya tushike kalamu ni kipindi chake kingine, "Je, Huu ni Ungwana?", alichokianza mwaka 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Alileta visa vya kila siku, vya majirani, wageni na abiria, kisha akauliza swali lile lile na kumwachia msikilizaji ajihukumu.

Neno alilolichagua lina historia nzito hapa pwani. Kwa wazee wetu, mwungwana hakuwa mwenye adabu tu. Alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Babu yake Mbotela alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani. Baba yake, James Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Basi mjukuu wa mtu ambaye mji ulimnyima jina la uungwana ndiye aliyekaa miaka yote hiyo akiwauliza Wakenya, na wajukuu wa waungwana wakiwamo, kama wanayoyatenda ni ungwana.

Swali hilo halijajibiwa katika nyumba zetu. Posa zingali zinarudishwa. Kijana anaswali, ana kazi, hana aibu inayojulikana. Ila shangazi mmoja ananong'ona kuwa babu zake walikuwa watumwa, na mazungumzo yamekwisha. Hata sababu haelezwi.

Tunajua kuwa wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameizungumzia kafaa, na nasaba imo ndani yake. Lakini kafaa ni haki ambayo binti na walii wake wanaweza kuisamehe, wala si haramu inayofunga mlango wa ndoa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwoza Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zayd bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru. Akina mama watatwambia kuwa ndoa ile haikudumu. Ni kweli, lakini hakuna mwanachuoni aliyesema haikuswihi.

Mzazi mwenye posa mkononi, anayesita kwa sababu hii na si nyingine, asikimbilie kuirudisha. Amwendee imamu wa mtaa wake au kadhi, aiseme sababu hiyo waziwazi, kwa sauti. Na kabla ya hapo amuulize binti mwenyewe.