Umri wa Mbu katika Hesabu ya Malaria

Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia vinavyoua viluwiluwi vya mbu. Ni cha Serikali, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, teknolojia yake imetoka Cuba, na kilizinduliwa mwaka 2015. Rais John Magufuli alipokitembelea Juni 2017 aliagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Kata ya Marui, wilayani Kisarawe, iko mkoa huohuo wa Pwani. Mkazi wa huko, anayejua masika huja na homa, ana haki ya kuuliza: kama dawa inatengenezwa jirani, kwa nini isimwagwe kwenye kila dimbwi tukaachana na habari za vyandarua?

Swali hilo lina jibu, lakini halipatikani kwa kubishana. Linahitaji hesabu, na hesabu yenyewe ina zaidi ya miaka mia.

Aliyeianzisha ni Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyeviona vimelea vya malaria ndani ya mbu nchini India mwaka 1897 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Baadaye alitumwa Mauritius, na katika ripoti yake ya mwaka 1908 akaonyesha kwa namba jambo ambalo wengi walilikataa: si lazima kuua mbu wote. Mgonjwa mmoja huambukiza wengine kupitia mbu. Mbu wakipungua hadi kila mgonjwa akawa anaacha nyuma yake mgonjwa mpya asiyetimia mmoja, ugonjwa hufifia wenyewe, ingawa mbu wangali wanavuma.

Miaka ya 1950, Mwingereza mwingine, George Macdonald, aliichukua hesabu hiyo akauliza: mbu anaishi siku ngapi? Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo penye uzito wote.

Mbu akifyonza damu ya mgonjwa leo, kesho hana uwezo wa kumwambukiza mtu. Vimelea vinahitaji muda wa kukomaa tumboni mwake kabla ya kufika kwenye mate. Katika joto la Pwani ni kama siku 10 au zaidi kidogo. Kwa mbu, siku 10 ni umri mkubwa. Wengi hufa kabla. Anayeambukiza ni mbu mzee tu.

Sasa chukua mbu 100 waliofyonza damu yenye vimelea, na tuseme kila siku asilimia 90 ya waliopo wanaiona kesho. Zidisha 0.9 kwa yenyewe mara 10: wanabaki 35. Kila mmoja wa hao ana wastani wa siku 9 na nusu za kuendelea kuishi, kwa hiyo kijiji kina takriban siku 330 za mbu mwenye uwezo wa kuambukiza. Shusha uhai wa siku uwe asilimia 80. Baada ya siku 10 wanabaki 11 tu, nao wastani wao ni siku 4 na nusu. Jumla inaanguka hadi kama siku 48. Tumegusa sehemu ndogo ya uhai wa mbu, hatari imepungua karibu mara saba.

Linganisha na dawa ya viluwiluwi. Ukizuia nusu ya mbu wasizaliwe, siku 330 zinakuwa 165. Basi. Huenda hata hapo hufiki, kwa sababu viluwiluwi hugombea chakula, na waliosalia kwenye dimbwi lenye nafasi hukua vizuri zaidi. Ndiyo sababu chandarua chenye dawa na dawa ukoko inayopuliziwa kutani vina nguvu kubwa kwenye hesabu hii: vinamwua mbu mkubwa kila anapokuja kula au kupumzika, usiku baada ya usiku, hata uzee haufiki.

Lakini msomaji asikimbilie kuhukumu kiwanda cha Kibaha. Rudi kwenye namba. Ukizuia mbu 90 kati ya 100 wasizaliwe, siku 330 zinashuka hadi 33, chini ya zile 48. Tena mbu anayeuma nje jioni, watu wakiwa bado barazani, hakutani na chandarua, ila kila mbu amepita majini. Kwa hiyo swali la kweli ni kama unaweza kuyafikia mazalia tisa kati ya kumi, wiki baada ya wiki. Dar es Salaam walijaribu. Mpango wa kudhibiti malaria mjini ulianza mwaka 2004, na mwaka 2006 dawa ikaanza kumwagwa katika kata tatu na wakazi walioajiriwa kuzunguka mitaa yao kila wiki. Maambukizi yalipungua. Mjini mitaro na mashimo yana anwani.

Marui ni habari nyingine. Nyumba zimetawanyika kati ya mashamba ya mihogo na mikorosho, na wakati wa masika kila wayo wa ng'ombe na kila shimo la udongo wa matofali ni zalio. Dawa hii hudumu kama wiki moja, na yai huwa mbu katika siku kumi hivi. Ukichelewa kurudi, mbu wapya huruka kabla hujawafikia. Shirika la Afya Duniani hushauri itumike pale mazalia yalipo machache, ya kudumu na yanayoonekana. Mimi ningeanza Marui wakati wa kiangazi, maji yanapobaki mabondeni tu na mtu anaweza kuyahesabu kwa vidole, huku vyandarua vikishika zamu ya masika.

Hesabu ya kalamu inaishia hapo, kwa sababu inawachukulia watu wote kuwa sawa na siku zote kuwa sawa. Kompyuta husaidia kwa kuigiza kijiji: watu wa kubuni, kila mmoja na umri wake, kinga yake na chandarua chake, mvua zikipita mwezi baada ya mwezi. Kazi ya namna hiyo ya wataalamu wa Basel, Uswisi, ilitumia takwimu za mbu wa Namawala, huko bonde la Kilombero. Hata hivyo uigaji hurudisha kile ulichoupa: ukiupa dhana isiyo sahihi kuhusu tabia ya mbu, utakupa jibu lisilo sahihi. Garki, kaskazini mwa Nigeria, kati ya 1969 na 1976 Shirika la Afya Duniani lilipulizia nyumba na kugawa dawa za malaria kwa watu kwa bidii, na malaria haikukatika. Sehemu ya mbu wa huko hawakupumzika ndani baada ya kuuma, wakati upuliziaji wote ulitegemea kuta.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote kwa ajili ya Marui, ningetaka namba moja: mbu wa Marui wanaishi muda gani? Inapimika, na ilikwishapimwa hapa nchini. Muheza, mkoani Tanga, Mick Gillies na Tony Wilkes walipasua mbu kwa maelfu na kuchapisha matokeo mwaka 1965. Mbu anapotaga, mirija ya mayai hutanuka kisha husinyaa na kuacha kifundo. Kwa darubini na sindano mbili nyembamba, fundi mwenye mkono mtulivu huhesabu vifundo na kujua mbu huyo ametaga mara ngapi.

Kazi inaweza kurahisishwa zaidi: tenga tu waliokwisha kutaga na ambao bado. Tuseme mbu hutaga kila baada ya siku 2. Ukikamata 100 ukakuta 81 wamekwisha kutaga, uhai wa siku moja ni asilimia 90, kwa sababu 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Ukikuta 64, ni asilimia 80. Kati ya 81 na 64 ndipo ilipo tofauti ya siku 330 na 48. Ukamataji usifanywe wiki moja tu mwanzoni mwa masika, maana wakati huo mbu wachanga wanamiminika na wazee wanaonekana wachache kuliko walivyo. Uanze vuli, upite kiangazi, uishie masika yanapokatika, katika nyumba zilezile, zenye vyandarua na zisizo navyo.