Kina na Maana: Mabishano ya Wasikilizaji juu ya Wimbo "Mozambique" wa Bob Dylan

1. Utangulizi

Mjadala juu ya vina katika ushairi wa Kiswahili si mgeni kwa wasomaji wa jarida hili. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, wataalamu wetu wamekuwa na kauli mbili. Wako washikao kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Wako pia wadaio kwamba kina humfunga mtunzi na kumsemesha asiyoyakusudia.

Katika makala haya nakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya mfano unaotoka mbali, lakini unaoihusu nchi iliyo jirani ya Waswahili. Mfano wenyewe ni wimbo "Mozambique" wa Mmarekani Bob Dylan, uliomo katika santuri ya Desire iliyotolewa Januari 1976. Wasikilizaji wa wimbo huu hawajapatana hadi leo. Baadhi yao huuona kuwa ni utovu wa adabu, wengine huuona kuwa ni burudani isiyo na hatia. Rai yangu ni kwamba kiini cha mabishano yao ni kina, ijapokuwa wengi wao hawakitaji kwa jina, na kwamba sisi tuliokulia katika ushairi wa vina tuna la kuchangia.

2. Mtunzi na wimbo wake

Dylan, aliyezaliwa mwaka 1941, alianza kwa kuimba nyimbo za jadi za Marekani kwa gitaa na kinanda cha mdomo. Mwaka 1965 aliingiza magitaa ya umeme, na mchanganyiko huo wa nyimbo za jadi na roki ndio uliomtambulisha tangu hapo. Mwaka 2016 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, jambo lililozusha upya swali la kama wimbo ni fasihi. Swali ambalo kwa mjuzi wa Muyaka au wa tungo za taarabu halina uzito mkubwa.

Nyimbo nyingi za Desire alizitunga pamoja na Jacques Levy, aliyekuwa mwongozaji wa michezo ya kuigiza. Santuri inafunguliwa na "Hurricane", wimbo mrefu wa kumtetea Rubin Carter, bondia Mmarekani mweusi aliyefungwa kwa kosa la mauaji, na ambaye hukumu yake ilitenguliwa mwaka 1985. "Mozambique" ni wimbo wa tatu. Ulitolewa pia peke yake, lakini haukupanda zaidi ya nafasi ya 54 katika orodha ya Billboard, na leo hautajwi sana miongoni mwa kazi zake. Ni wimbo mfupi, wa kama dakika tatu, wenye mwendo wa kuchezeka. Fidla ya Scarlet Rivera inapita juu ya sauti ya mwimbaji na ya Emmylou Harris aliyemsaidia, kwa namna ambayo mzoefu wa taarabu hataiona ngeni.

Maudhui yake ni mepesi kuyaeleza. Msemaji anatamani kukaa Msumbiji kwa muda mfupi. Anataja jua, mbingu ya samawati, bahari, na wapendanao wanaocheza wakiwa wameegemeana. Mwishoni anawaza juu ya saa ya kuondoka: mgeni anaaga mchanga na bahari, anageuka atazame mara ya mwisho, na hapo ndipo anapowataja watu wa nchi hiyo kuwa ni watu wazuri waishio huru.

3. Kauli tatu za wasikilizaji

Kabla ya kupima kauli hizo yafaa tukumbuke tarehe. Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vya ukombozi vilianza Septemba 1964 katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na wapiganaji wengi walipata mafunzo yao Tanzania, mathalan Nachingwea. Rais wa kwanza wa chama hicho, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu mjini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Wimbo wa Dylan ulirekodiwa New York tarehe 30 Julai 1975, yaani wiki tano kamili baada ya bendera ya Mreno kuteremshwa.

Kwa ajili ya tarehe hizo, kundi la kwanza la wasikilizaji hulaumu. Husema kwamba mtu aliyetunga "Hurricane" hawezi kudai kwamba hakujua kinachoendelea duniani. Nchi imetoka katika miaka kumi ya vita, naye anaiona kama ufuko wa mapumziko. Lawama hii ina nguvu zaidi tukikumbuka kwamba katika enzi ya ukoloni fukwe za Beira na Lourenço Marques zilikuwa mahali pa likizo pa Wazungu wa Rhodesia na Afrika Kusini. Kwa hiyo picha inayochorwa na wimbo ni ile ile ya mkoloni aliyekuwa akifungasha mizigo yake.

Kundi la pili hutetea kwa hoja ya furaha. Nchi ikipata uhuru, husema, kwa nini isiimbiwe kwa raha? Nyimbo nyingi za wageni juu ya Afrika ni za kulia na kuhurumia. Huu ni mmoja kati ya michache inayoona watu wanaopendana na kucheza. Na neno la uhuru limo. Limewekwa mwisho, mahali ambapo msikilizaji hubaki nalo.

Kundi la tatu hukataa kubishana. Kwa kauli yao wimbo huu ni mchezo tu. Yasimuliwa kwamba Dylan na Levy walianza kwa kushindana ni maneno mangapi ya Kiingereza yenye kina kimoja na jina la nchi hiyo. Kwa hiyo, husema, asitafute mtu siasa katika mchezo wa maneno.

4. Kina kilifanya nini?

Hoja ya kundi la tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Hebu tulitazame jina lenyewe. Kwa kauli iliyoenea, kisiwa cha Msumbiji kilipewa jina hilo kutokana na mtawala wake, Musa bin Biki, ambaye Wareno waliokuja pwani yetu tangu mwaka 1498 walilitamka na kuliandika kwa namna yao. Waingereza nao walilichukua jina lililoandikwa kwa Kireno wakalitamka kwa desturi ya kinywa chao, likaishia kwa sauti "ik". Basi kina alichokitumia Dylan ni mkia wa jina la Mwislamu wa pwani, uliopita katika lugha mbili za kigeni.

Kwa sauti hiyo Kiingereza kina maneno mengi. Lipo la juma la siku saba, lipo la shavu, lipo la kuchungulia, lipo la kitu kisicho na mfano. Maneno hayo ndiyo yaliyoingia katika wimbo, nayo yote yanamfaa mtu aliye likizoni. Hata uhuru wa ubeti wa mwisho haukuja peke yake: katika Kiingereza neno la "huru" na neno la "bahari" yana kina kimoja, na bahari ilikwisha kutajwa. Mlaumu aweza kusema kwamba uhuru wa Msumbiji umeingia hapo kwa kushikwa mkono na bahari.

Je, tuseme basi kwamba kina ndicho chenye hatia? Nilipowasikilizisha wanafunzi wangu wimbo huu, mmoja wao aliniuliza ungekuwaje kama ungetungwa kwa Kiswahili. Swali lake lilinifungua macho. Jina letu la nchi hiyo linaishia kwa "ji", na silabi hiyo katika Kiswahili ni kiambishi cha mtenda kazi. Papo hapo darasa lilitoa vina: mpiganaji, mauaji, kijiji, mahitaji, mtaji. Ilionekana kana kwamba lugha yetu yenyewe ingetuandikia wimbo wa vita na ujenzi wa taifa. Lakini mwingine akaongeza: mchezaji, mwimbaji, mnywaji, maji. Tukawa na ufuko mwingine, na likizo nyingine, kwa kina kile kile.

Tukirudi kwa Kiingereza, hali ni hiyo hiyo. Kwa sauti ya "ik" yapo pia maneno ya kunena, ya kutafuta, ya unyonge, ya upole na ya ukiwa. Kwa maneno hayo mtunzi angeweza kuimba juu ya wanyonge walionena, naye asivunje kanuni yoyote ya mchezo wake. Hakuyapa nafasi ya mbele. Kwa hiyo utetezi wa kwamba "ni mchezo wa vina tu" hautoshi. Kina humletea mtunzi wageni wengi mlangoni. Ni yeye aamuaye nani akaribishwe ndani na nani abaki barazani.

5. Hitimisho

Naona, basi, kwamba kila kundi limeshika sehemu ya haki. Wanaolaumu wamesema kweli kuhusu picha, lakini hukosea wanapodai kwamba furaha haiwezi kuwa heshima. Wanaotetea wamesema kweli kuhusu furaha, lakini hawajaeleza kwa nini furaha hiyo ni ya mgeni zaidi kuliko ya mwenyeji: wenyeji hawasemi neno hata moja katika wimbo mzima. Historia nayo iliongeza uchungu, kwani kuanzia mwaka 1977 hadi 1992 nchi hiyo iliteketea kwa vita vya Renamo, na asikiaye wimbo leo hawezi kuyasahau hayo.

Kwetu sisi walimu wa Kiswahili somo liko karibu zaidi. Tumesoma tungo nyingi za kusifu uhuru na viongozi ambamo neno limeitwa kwa sababu ya kina, likapewa kiti, kisha likaachwa bila kazi. Watetezi wa vina wamezoea kusema kwamba kosa ni la mtunzi dhaifu. Wapinzani wao husema kwamba kosa ni la kanuni. Mfano huu unaelekea kuwapa haki watetezi, kwa sharti moja ambalo si jepesi: kwamba mtunzi asijifiche nyuma ya kina. Akishakubali sifa kwa vina vilivyopangika, akubali pia kuulizwa juu ya maneno aliyoyaacha nje.