Star Trek: Furaha na simanzi ya shabiki katika nchi ya majani chai

KWA shabiki wa Star Trek anayeishi kwenye mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, kurejea kwa kipindi hicho cha runinga kumekuwa asali iliyochanganyika na shubiri.

Kipindi hicho, kinachosimulia safari za binadamu angani katika karne zijazo, kilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 8, 1966. Baada ya matoleo kadhaa kilitoweka kwenye runinga Mei 2005, kikarejea Septemba 2017. Toleo linalomgusa zaidi mzungumzaji wa Kiswahili ni Strange New Worlds, lililoanza Mei 2022.

Sababu ni Nyota Uhura, afisa wa mawasiliano. Jina lake la kwanza ni Kiswahili sanifu. La pili lilichongwa kutokana na neno uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza awali, alisimulia kuwa siku ya majaribio alibeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na mwanzilishi wa kipindi, Gene Roddenberry, akavutiwa na neno hilo. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe chenye kujigeuza umbo kilimsemesha Uhura kwa Kiswahili.

Toleo jipya limepiga hatua zaidi. Uhura, anayeigizwa na Celia Rose Gooding, ametajwa waziwazi kuwa mzaliwa wa Kenya ambaye wazazi wake walifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Hiyo ndiyo furaha. Hata hivyo, Nichols alifariki Julai 30, 2022, na tangu 1966 wote waliovaa sare ya Uhura katika filamu na runinga ni Wamarekani. Kenya imetajwa, Mkenya hajaitwa.

Lakini simanzi kubwa zaidi imo kikombeni. Katika toleo la 1987 hadi 1994, Kapteni Jean-Luc Picard huamrisha chai kwa sauti, na mtambo ukamtolea papo hapo ikiwa moto. Hakuna mchumaji, hakuna mizani, hakuna kiwanda. Zamani tukio hilo lilichekesha katika nyumba iliyolipa karo kwa majani chai.

Leo kicheko kimepungua. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuvunia chai Kericho, wakilalamika kuwa zinawapokonya vibarua riziki. Mashine moja yenye wahudumu wachache hufanya kazi ya mikono mingi.

Star Trek huahidi kuwa mitambo itamaliza njaa hata pesa zisihitajike. Kisichoelezwa ni mchumaji atakula nini kabla ya siku hiyo kufika.

Mnamo 2025 ilitangazwa kuwa Strange New Worlds itakamilika kwa msimu wa tano. Shabiki wa nchi ya chai ana kila sababu ya kuitazama hadi tamati: Nyota ni wake, lakini pia kikapu kilichotundikwa ukutani bila kazi ni chake.