The Lion King: Kiswahili kilivyoingia Hollywood, na nani alilipwa

MTOTO wa Mwazye anayeitazama The Lion King kwa mara ya kwanza, iwe kwenye simu ya mjomba aliyetoka Sumbawanga mjini au kwenye kibanda umiza, ana faida ambayo mtoto wa Chicago hana. Jina la Simba halihitaji mtafsiri. Pumbaa, ngiri mnene asiyejali harufu yake, anachekesha kabla hajafungua mdomo. Shenzi, yule fisi jike, ana jina ambalo mtoto akilitamka wakati wa chakula mama atamkata jicho. Hata Sarabi, mama yake Simba, yumo kwenye kamusi: sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbele barabarani jua likiwa kali.

Si kila jina ni letu, lakini. Banzai, fisi mwenzake Shenzi, jina lake ni la Kijapani.

Kiswahili hicho kilitoka Kenya. Mwaka 1991 kundi la watengenezaji kutoka Disney lilisafiri hadi huko na kutembelea hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, ili kuchora miamba, nyasi na mwanga wa jua. Wakati huo filamu iliitwa King of the Jungle, mfalme wa msituni. Baadaye jina likabadilishwa, kwa kuwa simba ni mnyama wa mbuga, si wa msitu mnene. Mchunga ng'ombe yeyote wa bonde la Rukwa angewaeleza hilo bila malipo.

Makosa mengine yalibaki. Rafiki, mwenye pua nyekundu na mashavu ya bluu, ni aina ya nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun. Timon, wa jamii ya nguchiro, kwao ni Kalahari. Ukienda Katavi kuwatafuta hao wawili utarudi na vumbi tu.

Ndani ya studio wengi hawakuitegemea sana kazi hii. Wachoraji kadhaa waliokuwa na sifa walikimbilia Pocahontas, iliyodhaniwa ndiyo itakayovuma. Waliobaki walihangaika. Tukio la nyumbu kukimbia bondeni, lile ambalo Mufasa anakufa, linachukua dakika chache kwenye skrini, lakini wataalamu wa kompyuta walilifanyia kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Ilibidi waandike programu ya kuwafanya mamia ya nyumbu wakimbie bila kupitana miilini. Januari 1994 tetemeko la ardhi likaikumba Los Angeles, studio ikafungwa, na baadhi ya wachoraji wakamalizia kazi nyumbani kwao. Juni mwaka huohuo filamu ikatoka, na katika mzunguko wake wa kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 760 duniani.

Hapo ndipo panapokuja swali la nani alipata nini.

Safari ile ya Kenya iliwapa watengenezaji maneno "hakuna matata", ambayo Tim Rice na Elton John waliyageuza wimbo. Huku kwetu watu husema zaidi "hamna shida", lakini maneno hayo hayakuwa mageni masikioni. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikuwa tayari imeyaimba katika "Jambo Bwana". Hata hivyo mwaka 1994 Disney iliomba kuyasajili kama alama yake ya biashara kwenye fulana, na mwaka 2003 ikakubaliwa nchini Marekani. Usajili huo haumzuii mtu kuyasema. Lakini mwaka 2018, toleo jipya la filamu lilipokaribia, Waafrika wengi ndipo waliposikia habari hiyo, na zaidi ya watu 100,000 wakatia saini mtandaoni kuipinga.

Kisa cha Solomon Linda kinauma zaidi. Mzulu huyu alirekodi wimbo "Mbube", yaani simba, mjini Johannesburg mwaka 1939, na haki zake akaziuza kwa shilingi 10. Marekani wimbo huo ukageuzwa kuwa "The Lion Sleeps Tonight", ukazunguka dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake wakaishi maisha ya kubahatisha huku wimbo wa baba yao ukiendelea kuwaingizia wengine fedha.

Mwaka 2004 familia ilifungua kesi dhidi ya Disney, na mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano ya kuilipa. Mzazi atakayetaka kuwaonyesha watoto wimbo wenyewe awe macho, maana unapita haraka: ni pale Timon na Pumbaa wanapotembea msituni wakiimba, muda mfupi kabla Nala hajatokea kumwinda Pumbaa.